Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Mombasa na Pwani: Mbona Yatoka Ng'ambo?

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa, kwa wawakilishi wadi wetu, kwa magavana wenzake wa Jumuiya ya Kaunti za Pwani, na kwa wakuu wa vyuo vikuu vya huku kwetu.

Waheshimiwa, assalaam aleikum, na wasioitikia hivyo, hamjambo.

Nje ya duka langu la dawa, Majengo, kushoto mwa mlango, nimeweka kopo la rangi la lita nne. Ndani yake nimepanda vinka, yale maua ya waridi na meupe yenye petali tano ambayo huota makaburini, kwenye nyufa za kuta za Mji wa Kale na popote penye mchanga na jua. Sikuyanunua, niliyang'oa kando ya barabara. Vijana wa tuktuk huyatemea mate ya muguka, yale majani ya kuchangamsha (ndiyo, waheshimiwa, watu bado wanatafuna), na maua hayajali, yanazidi kuchanua.

Siku moja mama mmoja wa Kisauni alisimama hapo akinisimulia habari za mwanawe mwenye saratani ya damu. Akatoa karatasi ya hospitali mkobani nimsomee jina la sindano. Vinkristini. Nikamwambia, "Mama, sindano hii asili yake ni haya maua hapa miguuni pako." Aliniangalia kama mtu aliyefanyiwa mzaha msibani. Ikabidi nimkalishe nimweleze, na nilipomaliza akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu pale pale: "Basi mbona yatoka ng'ambo?"

Nimelifikiria sana swali hilo. Jibu lake halimo dukani kwangu, limo maofisini mwenu, ndiyo maana naandika.

Vinka asili yake ni Madagaska. Sehemu mbalimbali za dunia watu walichemsha majani yake kutibu kisukari, na kwa ajili hiyo mnamo 1952 majani kutoka Jamaika yaliwafikia ndugu wawili madaktari wa Kanada. Mmoja wao, Robert Noble, aliyachunguza pamoja na mkemia Charles Beer. Panya walipopewa kwa mdomo, sukari haikushuka. Walipodungwa, wakaanza kufa kwa maambukizi, kwa kuwa chembe nyeupe za damu zilikuwa zimepungua mno. Mtu mwingine angeyatupa majani akatafuta mmea mwingine. Wao wakawaza: kinachopunguza chembe nyeupe, si huenda kikafaa kwa ugonjwa unaozizidisha? Ndivyo ilivyopatikana vinblastini. Kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, iliyokuwa ikiuchunguza mmea uo huo kwa njia yake, ikatoa vinkristini, ambayo iliruhusiwa kutumika 1963.

Dawa hizo mbili ni kama pacha. Tofauti yao iko mahali pamoja tu, kwenye naitrojeni moja: vinblastini imebeba hapo kaboni yenye hidrojeni tatu, vinkristini imebeba kaboni yenye oksijeni na hidrojeni. Kwingine kote zimelingana. Kwa tofauti hiyo ndogo, moja hutumika zaidi kwa saratani za tezi za limfu na nyingine ikawa nguzo ya matibabu ya saratani ya damu kwa watoto. Na vinkristini ni haba mno ndani ya jani; husemwa kwamba gramu moja huhitaji mamia ya kilo za majani makavu, au hata zaidi. Kwa hiyo viwandani huchukua vinblastini, ambayo ni nyingi kidogo, wakaigeuza pale pale penye naitrojeni, ikawa pacha wake. Baadaye Pierre Potier na wenzake huko Ufaransa wakaitoa kaboni moja kwenye pete mojawapo ya molekuli hiyo, pamoja na badiliko jingine dogo, ikatoka vinorelbini, inayotumika kwa saratani ya mapafu na ya matiti.

Mteja wangu mmoja ni fundi wa kanzu. Nilipomweleza haya alisema, "Kumbe ni kazi yetu." Kanzu ikija kutoka kwingine, anakunja pindo, anabana mabega, lakini darizi ya shingoni haigusi, maana ndiyo kanzu yenyewe. Sijawahi kusikia maelezo mazuri zaidi ya kemia ya dawa, na mimi niliisoma miaka minne.

Chukueni AL, dawa ya malaria ambayo kila nyumba ya Pwani inaijua. Mwaka 1998 nchi yetu iliiacha klorokwini kwa sababu vimelea vilishaizoea. Ikaja SP (sulfadoksini na pirimethamini), nayo haikudumu. 2004 ikaamuliwa tuhamie AL, na zahanati zikaanza kuipata 2006. Herufi ya kwanza ni ya artemetha. Kisa chake kinaanzia Uchina, 1967, serikali ilipowakusanya wanasayansi watafute dawa ya malaria. Tu Youyou alipekua vitabu vya matabibu wa kale, akakutana na maagizo ya Ge Hong wa karne ya nne: loweka konzi ya pakanga kwenye maji, kamua, unywe. Kuloweka, si kuchemsha. Akang'amua kwamba moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa, akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, na mnamo 1971 akapata dondoo lililowaponya panya. Mwaka 2015 alitunukiwa Nobel.

Watu wengi hukiishiza kisa hapo, kwenye kitabu cha kale na bibi mwenye Nobel. Mimi naona ndipo kinapoanza. Artemisinini aliyoipata ilikuwa kaidi: haikuyeyuka vizuri kwenye maji wala kwenye mafuta. Wakemia wakagusa kona moja ya molekuli, wakaiongezea hidrojeni, kisha kwenye kona hiyo wakapachika vitu tofauti. Wakipachika kikundi cha methaili, inatoka artemetha, inayokubali mafuta. Wakipachika asidi ya saksini, inatoka artesuneti, ambayo huandaliwa ikadungwa mshipani mwa mtoto aliyepoteza fahamu, asiyeweza kumeza kidonge. Sehemu moja tu hawakuthubutu kuigusa: daraja la oksijeni mbili zilizoshikana. Daraja hilo likikutana na chuma kilichotoka kwenye damu aliyoila kimelea, huvunjika na kutoa chembe kali zinazomuua. Hiyo ndiyo darizi.

Sasa niwaulize. Jaribio kubwa lililothibitisha artesuneti kwa watoto wa Afrika lilifanyika wapi? Nchi zilikuwa 9, na mojawapo ya vituo vyake kilikuwa Kilifi, hapo tu ukishapita Mtwapa na Kikambala. Watoto 5,425 waliandikishwa. Matokeo yalitolewa 2010: waliotibiwa kwa kwinini walikufa 10.9 katika kila 100, wa artesuneti 8.5. Dunia nzima ikabadili matibabu. Wagonjwa walikuwa wetu, wauguzi wetu, makesha yetu. Kuijaribu dawa tuliweza, tena kwa kiwango ambacho hakuna aliyekitilia shaka. Kuitengeneza, hata hatukuwa mezani.

Na mkidhani malaria imekwisha kupata dawa ya kudumu, vimelea vyenye mabadiliko ya kuihimili artemisinini vimeshathibitishwa Rwanda na Uganda. Hapo ni jirani.

Metfomini nitaipita upesi. Wateja wangu wa kisukari, na wako wengi kupita kiasi katika mji huu wa mahamri na chai ya maziwa, wanaimeza asubuhi na jioni. Nayo ilitokana na uchunguzi wa mmea wa Ulaya uitwao galega, ambao kemikali yake ilishusha sukari lakini ilikuwa sumu. Wakemia waliunda jamaa zake hadi wakapata aliye mpole. Daktari Jean Sterne akachapisha matokeo yake kwa wagonjwa 1957. Jani lenyewe lingewadhuru. Jani lililofikiriwa upya linawaweka hai.

Hili ndilo ninalotaka mlishike, kwa sababu nimechoka kusimama kati ya kambi mbili. Kambi moja inasema mitishamba ni ushirikina. Nyingine inauza chupa kule Kongowea na kutangaza kwa kipaza sauti kwamba inatibu presha, nguvu za kiume na jicho la husuda kwa kijiko kimoja. Mnakumbuka 2020, Madagaska walipotoa kinywaji cha pakanga kwa ajili ya Korona, mataifa kadhaa yakakipokea kwa shangwe na ndege zikatumwa kukifuata? Ushahidi kwamba kinatibu haukuja. Mwarobaini tunauheshimu hata tukauita kwa idadi ya maradhi yake, lakini mafuta yake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa. Jani ni habari tu. Linakwambia chimba hapa. Anayechimba ni mkemia, na mkemia hana pa kukaa Mombasa.

Nina ushahidi wa nyumbani. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa Mdigo wa Likoni, na watu walivuka feri kumfuata. Mjafari aliutumia kwa homa, hilo linajulikana na wengi. Mengine sitayaandika, kwa sababu si yangu kuyatangaza. Nilipokuwa darasa la saba alikuja mtafiti, kutoka taasisi ambayo sitaitaja, na begi, fomu na kamera. Alikaa siku tatu. Alikula wali wetu, akamwita "bibi", akafunga magome na mizizi kwenye magazeti, akaandika kila alichoambiwa. Akaahidi kurudi na majibu. Kwa miaka nyanya alikuwa akiuliza, kwanza kwa hamu, kisha kwa kejeli, "Yule mgeni wa magome hajarudi?" Nilipoingia chuo, nikamwomba anifundishe miti yake. Akanitazama, akasema, "Wewe nawe umesoma. Wewe nawe utaandika." Alifariki nikiwa naijua miti yake mitatu.

Sijui miti mingine ilikuwa mingapi. Sitajua.

Karatasi za kuzuia hayo tunazo, tena nyingi. Mkataba wa Bayoanuwai ulikuja 1992, wakati vinka ilikuwa imeshachumwa na kuuzwa miaka thelathini bila mtu kuulizwa. Kanuni za Kenya za kugawana manufaa ni za 2006. Katiba ya 2010, ibara ya 11, inaliagiza Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe fidia au mrabaha kwa matumizi ya urithi wao. Ibara ya 69 inaitaka serikali ilinde maarifa ya jamii kuhusu viumbe na mimea. Ikaja sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, na sheria hiyo, Mheshimiwa Gavana, iliipa kaunti kazi ya kuyaandikisha maarifa hayo. Basi mganga wa Likoni akivuka feri leo asubuhi na mtungi wake, aende dirisha gani? Amuulizie nani? Nimeuliza mwenyewe mapokezi matatu. Mawili walinielekeza kwa lile la tatu.

Wala msidhani daftari ni urembo wa ofisi. Kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani walipata hataza, yaani haki ya pekee ya uvumbuzi, Ulaya juu ya dawa ya kuua ukungu iliyotokana na mafuta ya mwarobaini. Mwanaharakati wa India, Vandana Shiva, na wenzake walipinga, wakaleta ushahidi kutoka India kwamba matumizi hayo yalikuwapo kabla, na hataza ikafutwa 2000. Rufaa ikatupwa 2005. Walishinda kwa kuwa walikuwa na mtu wa kusimama na jambo la kuonyesha. Sisi tutasimama na nini, na gazeti lililofungiwa magome? Ila daftari hilo lisiwe la kuwekwa wazi kwa kila mpita njia, maana hapo tutakuwa tumemrahisishia mwizi. Lifungwe, lisomwe kwa mkataba, na mkataba usainiwe kabla gome halijachubuliwa. Wasan wa kusini mwa Afrika walitambuliwa kwenye mkataba wa mmea wao wa hoodia 2003, miaka kadhaa baada ya hataza kuandikwa, na kufikia 2008 kampuni kubwa iliyokuwa ikiutengenezea bidhaa ikajitoa. Walikaribishwa karamuni sufuria zikikwanguliwa.

Ombi langu basi ni hili: maabara moja ya kemia ya dawa za mimea, hapa Mombasa, ndani ya chuo kilichopo, na dirisha la daftari la waganga katika jengo hilo hilo. Najua mtasema kazi hiyo ni ya Nairobi, kwamba KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wana kituo cha dawa za asili huko tangu miaka ya 1980. Ni kweli, na ni watu wa maana. Majani makavu husafiri vizuri kwa SGR. Imani ya mzee wa kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, haisafiri. Mtu aliyelinda Kaya Kinondo au Kaya Rabai maisha yake yote hataambiwa aache siri yake kwenye bahasha. Atataka aje, akae, aone chupa yenye jina lake, arudi mwezi ujao aikute bado ipo. Misitu hiyo iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na bado mashoka na machimbo yanaizunguka. Hakuna hoja ya kuilinda inayomwingia kijana asiye na kazi kama mshahara unaotokana na mti uliosimama.

Maabara yenyewe si ikulu. Mtambo wa kuvukizia, wa kuondoa kimiminika bila kuunguza dawa. Kromatografia ya kutenganisha mchanganyiko, maana jani moja lina kemikali mamia. Vyumba viwili vyenye feni za kutoa mvuke, wakemia watano au sita walioiva, na mashine ya sumaku inayoonyesha kila atomi imekaa karibu na nani. Hii ya mwisho ndiyo huwakwamisha wote. Nilipokuwa msaidizi wa maabara, kwenye chuo nisichokitaja, tulitenga unga mweupe kutoka kwenye gome, safi, wa kupendeza. Tukaupeleka nje usomwe. Tulikaa miezi saba. Majibu yaliporudi, mwanafunzi mwenye kazi hiyo alikuwa ameshaajiriwa na kampuni ya bima.

Mashine kubwa za aina hiyo zinataka heliamu ya kimiminika ya kuongezwa kila mara, na umeme usiochezacheza. Kwa umeme wetu huu mnaujua. Lakini siku hizi zipo za kuwekwa mezani, zenye sumaku ya kawaida, zisizohitaji heliamu. Hazioni kila kitu. Zinaona vya kutosha kumwambia mkemia kama ile kona aliyoigusa imegeuka au la. Anzeni nayo hiyo. Na nawasihi, bajeti ya matengenezo na ya kemikali iandikwe kwanza, kabla ya bei ya mashine. Tumeshaona mashine zilizokatiwa utepe mbele ya kamera zikafunikwa kitambaa mwaka uliofuata kwa kukosa kifaa kidogo na fundi. Tukikosa hilo la matengenezo, bora msinunue kabisa. Fedha hizo wekeni dawa za presha zahanatini.

Sitawaahidi kidonge cha Mombasa. Kutoka jani hadi kidonge huchukua miaka kumi na zaidi, na karibu zote huanguka njiani: nyingine ni sumu, nyingine ini huzivunja kabla hazijafika popote, nyingine zafaa kwenye kisahani cha kioo tu. Asiyekubali kushindwa mara nyingi asiijenge. Ninachoweza kuahidi ni kidogo zaidi. Maabara hiyo hiyo itazipima zile chupa za Kongowea tangu mwezi wa kwanza. Katika nchi nyingi zimenaswa dawa za mitishamba zilizotiwa steroidi kwa siri ili mgonjwa ahisi nafuu upesi, na mimi huwaona wateja wenye nyuso zilizovimba wakinihakikishia kwamba wanatumia "mizizi tu". Vijana wetu wa kemia watakuwa na kazi ya kemia. Na kila molekuli itakayogeuzwa hapa, ifaulu isifaulu, itaandikwa kwanza hapa, na jina la aliyeonyesha mti likiwa juu yake.

Bajeti mpya inaanza kutumika tarehe 1 Julai, na vikao vya maoni ya wananchi huja kabla. Nitakuja na nakala ya barua hii. Nitakuja pia na waganga wanne walionikubalia, mmoja wao ana umri wa kuwa nyanya yangu na amesema atakuja kusikiliza tu, hasemi neno mpaka aone karatasi.

Mkitaka kunikuta kabla ya hapo, duka li wazi hadi saa nne usiku. Ijumaa nafunga saa sita mchana kwa ajili ya sala. Maua yako kushoto mwa mlango. Tafadhali waambieni madereva wenu wasiyategemezee pikipiki.

Wenu,
Mfamasia wa Majengo, Mombasa